Keki ya Sufuria na Likizo ya Desemba



Katika miaka mia ya usharika yameandikwa mengi juu ya majengo na kwaya. Ya jikoni yameandikwa machache, ingawa ndiko watoto wengi wa Musoma na Bunda walikoanza kuifahamu Krismasi. Mama hukoroga unga, mayai, sukari na siagi, akatia iliki iliyotwangwa. Sufuria huwekwa juu ya moto mdogo, na mkaa mwingine hupangwa juu ya mfuniko. Moto wa juu ukiwa haba keki hubaki mbichi katikati, ukizidi huungua uso, na wakubwa huila kwa uvumilivu. Mtoto mdogo hupewa bakuli alambe. Usiku wa tarehe 24 hujifunga shuka akawa mchungaji wa kondoo katika igizo, na asubuhi hutumwa na sahani iliyofunikwa kitambaa kwa jirani, awe Mmenoniti, Msabato au Mwislamu.

Mkoani Mara sikukuu hii haina mizizi mirefu sana. Kijana wa Butiama, mwana wa Mtemi Nyerere Burito, alibatizwa katika Kanisa Katoliki tarehe 23 Desemba 1943, akachukua jina la Julius. Babaye hakuwa Mkristo. Katika nyumba nyingi za siku zile Krismasi ililetwa na watoto kwa wazazi.

Lakini Desemba hiyo hiyo, shule zikiwa zimefungwa, ndiyo msimu wa ukeketaji katika baadhi ya koo za mkoa. Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo wapo wasichana wanaoila Krismasi katika nyumba salama, kama zile za Mugumu na Kiabakari, kwa kuwa nyumbani hakukaliki.

Fikirini basi mama wa Bunda aliyeolewa katika ukoo unaoishika mila hiyo. Ana mabinti wawili, na bibi yao yuko Butiama akiwasubiri. Kumnyima wajukuu ni kumvunjia heshima. Kumwachia ni kubahatisha. Mama huyu huoka keki mbili, akapanda gari pamoja na mumewe na watoto, wakaketi na bibi na kula naye. Kisha husemwa, kwa adabu na bila kuzungukazunguka: "Mama, wajukuu zako tumewaleta wakusalimie, na jioni tunarudi nao. Hawatakeketwa." Bibi aweza kuisukuma sahani. Aweza pia kunyamaza, akaikata keki na kumlisha mdogo kwa mkono wake. Hakuna ajuaye kabla, na ndiyo sababu maneno hayo yampasa mume kuyasema, maana bibi ni mama yake yeye.

Wazee wa Kanisa wapitao majumbani wakati wa Majilio, wakikuta unga na sukari vimekwisha kununuliwa, na waulize pia mabinti watalala wapi likizo hii.