Baba na Deni la Imani kwa Watoto Wake

(Mada kwa viongozi wa Halmashauri ya Walei na wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo)



Tuanze na jambo ambalo kila mmoja wetu amelishuhudia. Katika ubatizo wa watoto, baba au msimamizi huwasha mshumaa wa mtoto kutoka katika mshumaa mkubwa wa Pasaka. Mwishoni mwa ibada baba hubarikiwa, akiombewa awe, pamoja na mkewe, shahidi wa kwanza wa imani mbele ya mtoto wao. Hatujamwona baba aliyekataa kuushika mshumaa ule. Lakini baada ya siku hiyo, ni nani anayeutunza mwanga wake?

1. Hali tuliyo nayo

Katika huduma yetu ya kichungaji tumezoea kuona kwamba anayemwandikisha mtoto katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza ni mama. Anayemfuata katekista kuuliza kwa nini mtoto amekosa vipindi ni mama, au bibi. Jumuiya ikikutana kusali, mkeka hujaa akina mama na watoto. Akina baba ni wawili watatu, na mmoja wao ni mwenyekiti. Baba huonekana siku ya Kipaimara. Amevaa suti, amegharimia karamu, naye hudhani amemaliza kazi.

Tukiulizwa, hujitetea kwa methali: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hiyo ni ya kweli, ila sisi wanaume tumeigeuza kichaka cha kujifichia. Wahenga hawakusema kwamba baba asifunze. Nayo Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inawawajibisha wazazi, kabla ya watu wengine wote, kuwalea watoto katika imani kwa neno na kwa mfano. Imesema wazazi, haikusema mama peke yake.

2. Kwa nini hili ni suala la haki?

Huenda wengine watasema kwamba jambo hili ni la makatekista, wala si la Tume ya Haki na Amani. Sivyo. Haki ni kumpa kila mtu kilicho chake, na mtoto anastahili kuongozwa na baba yake. Hata Sheria ya Mtoto ya Tanzania, ya mwaka 2009, haiishii katika chakula na mavazi. Inamdai mzazi ampe mtoto mwongozo pia. Baba anayelipa ada ya shule, kisha akanyamaza juu ya Mungu, amelipa nusu ya deni.

Tena haki yenyewe mtoto hujifunza kwanza nyumbani. Huona jinsi baba anavyogawa fedha za mavuno, anavyosema kweli juu ya mpaka wa shamba, na anavyomtendea mama. Mdai akibisha hodi, baba akamtuma mtoto aseme, "Baba hayupo," somo la Amri ya Nane limekwisha kuharibiwa kabla katekista hajafungua kitabu. Na baba anayeongoza Rozari jioni, kisha usiku akampiga mkewe, amewafundisha wanawe kwamba sala ni uongo.

3. Kutia moyo, si kuvunja moyo

Mtume Paulo anawaonya akina baba wa Kolosai wasiwachokoze watoto wao, wasije wakakata tamaa. Na akiwaandikia Wathesalonike anajifananisha na baba anayemwonya na kumtia moyo kila mtoto wake mmoja mmoja. Tuzingatie maneno hayo: mmoja mmoja. Wengi wetu tunajua kukemea tu. Mtoto akikosa Misa, huchapwa. Akihudhuria mwaka mzima, hapewi hata neno moja la shukrani. Binti amesoma somo mbele ya waamini, miguu ikimtetemeka. Afikapo nyumbani, je, baba amemwambia kwamba amelisikia Neno la Mungu kwa sauti yake?

Tunao mfano wa Karol Wojtyła, ambaye baadaye alikuwa Papa Yohane Paulo II. Mama yake alifariki mwaka 1929, kabla mtoto hajatimiza miaka tisa. Kaka yake akafuata mwaka 1932. Akabaki na baba yake, askari mstaafu. Katika kumbukumbu za upadre wake, alizozitoa mwaka 1996, Papa alisimulia kwamba usiku aliweza kuamka akamkuta baba amepiga magoti akisali. Hawakuzungumza habari za wito wa upadre, lakini mfano ule ulikuwa kwake kama seminari ya kwanza.

Vivyo hivyo Mtakatifu Yosefu. Injili hazikutuandikia hata neno moja lake, bali zinamwita mtu wa haki. Hakutaka kumwaibisha Maria. Alifanya kazi ya useremala, na kila mwaka alikwenda Yerusalemu kwa sikukuu ya Pasaka. Yesu alikua akiyaona hayo.

4. Watoto wasio na baba

Wapo watoto ambao baba zao walifariki kwa UKIMWI au kwa ajali, na wengine waliotelekezwa. Mama aliyebaki peke yake asihukumiwe, wala asiachwe. Hapo ndipo msimamizi wa ubatizo, babu, mjomba na Jumuiya nzima wanapodaiwa.

Nasi mapadre, tunaoitwa baba kila siku, tumo katika deni hili. Wapo vijana tuliowakemea mbele ya watu kwa kuchelewa mafundisho, kumbe walikuwa wametumwa maji au kuchunga. Hatukuuliza. Baadhi yao hawakurudi tena. Tunaliungama hilo mbele yenu, kwa sababu hatuwezi kuwadai akina baba kile ambacho sisi wenyewe hatukitoi.

5. Tufanye nini?

Hatuwaombi akina baba wawe wanateolojia. Baba na asali na wanawe jioni, hata kama ni Baba Yetu moja. Na amsindikize mtoto kwenye mafundisho, akae, asikilize. Na akikosea, aombe radhi mbele ya wanawe. Kwa kufanya hivyo hapotezi heshima, bali anawaonyesha maana ya toba. Mtoto anapomwita Mungu "Baba", picha ya kwanza aliyo nayo ni ya yule aliyeko nyumbani. Tusimfanyie neno hilo kuwa gumu.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Katika Jumuiya yetu, kwa nini akina baba hawahudhurii? Tuwaulize wenyewe.
2. Ni watoto gani kati yetu wasio na baba wa kuwaongoza, na ni nani atakayewasimamia?
3. Ni lini mara ya mwisho tulipomtia moyo mtoto mmoja, kwa jina lake, katika jambo la imani?