Mbegu Feki na Kipimo cha DNA

Leo tutazame mbegu ya mahindi. Mkulima wa Bungoma, Kenya, akinunua H614, chotara iliyozaliwa Kitale, macho hayamsaidii: hata mahindi ya posho hupakwa rangi yakapendeza. Kipimo kilichozoeleka ni kuiotesha na kungoja ichanue. Hapo msimu wa kupanda ushakwisha, na karo ya shule inangoja.

Sasa sikiliza maabara inavyofanya. Husaga punje, hutoa DNA, kisha mashine ya PCR, ile ile ya enzi za Covid, hunakili sehemu za DNA hiyo ambapo mbegu moja hutofautiana na nyingine kwa herufi moja tu. Majibu huja baada ya siku, si miezi.

Wapo wanaosema hiyo ni gharama bure. Kwao yatosha kukwangua kibandiko cha KEPHIS, wakaguzi wa mbegu wa serikali, na kutuma namba yake kwa ujumbe kwenda 1393. Wana hoja, ila kibandiko huthibitisha pakiti, si punje.

Kwa upande mwingine, DNA haisemi kama mbegu itaota. Hata iliyokufa husomeka H614.

Mimi naegemea maabara. Swali ni hili: nani atalipa? Kaunti, kampuni ya mbegu, au mkulima yule yule?