Kanuni za Kozi ya Kwanza ya Uprogramu: Tukaze Wapi, Tulegeze Wapi



Nimeombwa niwazungumzie, walimu wenzangu wa vyuo vya kiufundi mlioteremka bondeni hadi hapa Mai Mahiu, kuhusu kanuni na matarajio ya kozi ya kwanza ya uprogramu. Ninalotetea ni hili: karatasi ya kanuni tunayompa mwanafunzi juma la kwanza ilegeze kamba kuhusu saa na vifaa, kisha ikaze mahali pamoja tu. Asipewe mtu alama kwa programu asiyoweza kuieleza kwa kinywa chake.

Karatasi yangu ya kwanza ilifanya kinyume. Nilichukua kanuni za chuo kimoja cha ng'ambo nikabadilisha jina la kozi. Kila mwanafunzi awe na kipakatalishi, kazi ifike mtandaoni kabla ya saa sita usiku, atakayechelewa apate sufuri. Kuhusu kuelewa, haikusema neno. Waliokuwa na mashine zao darasani walikuwa wachache. Waliobaki walipanga foleni kwenye saiba, yale maduka ya intaneti, na wengine wakaacha kozi kimyakimya. Najuta kwamba sikuwauliza mapema.

Tuangalie kwanza mwanafunzi anakuja na matarajio gani. Amemaliza kidato cha nne, na kompyuta kwake ni pakeji: miezi michache ya kuchapa barua, kupanga jedwali na kupata cheti. Anadhani uprogramu ni vivyo hivyo, mwalimu aonyeshe pa kubonyeza naye abonyeze. Juma la pili programu inamkatalia kwa sababu ya nukta mbili aliyoisahau mwishoni mwa mstari, naye anaamua kwamba hana kichwa cha kompyuta. Wengi tunawapoteza hapo. Ndiyo maana sentensi ya kwanza ya karatasi yangu siku hizi inasema: programu yako itakataa mara nyingi kila siku, na huko kukataa ndiko somo lenyewe. Ya pili inamtaka asome ujumbe wa hitilafu hadi mwisho kabla ya kuniita, maana katika Python mstari wa mwisho ndio hutaja kosa.

Kuhusu vifaa sina mengi. Python huendeshwa hata kwenye simu kwa programu za bure, na mimi hupokea kazi iliyoandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari.

Kuhusu kuchelewa nina mengi. Alfajiri ya 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli ya zamani yalipasua njia, yakateremka Kamuchiri na vijiji vya jirani watu wakiwa usingizini. Makumi walikufa. Wenyeji wa hapa hawahitaji kusimuliwa. Sasa fikirini kanuni ya kawaida ya vyuo vyetu ingemtaka nini kijana aliyenusurika usiku ule: barua ya chifu ya kuthibitisha kwamba nyumba yao imesombwa. Sitaki tena kuwa mwalimu wa kudai barua kama hiyo. Kila mwanafunzi wangu ana siku tano za akiba kwa muhula, azitumie bila kunieleza chochote. Stima imekatika, bando limeisha, mtoto ana homa, trela limeanguka mteremkoni na matatu zimekwama tangu asubuhi, yote ni shauri lake. Tano zikiisha, ndipo tunaketi tukazungumza.

Sasa mahali pa kukaza. Mwakenya, kile kijikaratasi cha majibu kinachofichwa mtihanini, tunakijua sote na tumezoea kukikamata. Kuna jingine tunalolikwepa. Nchi hii ina vijana wengi, wahitimu na wanafunzi, wanaolipwa kuandika kazi za wanafunzi wa Marekani na Uingereza; wenyewe huiita kazi hiyo uandishi wa kitaaluma. Huenda uliyemsomea kanuni za udanganyifu asubuhi ndiye anayeketi usiku kuandika programu ya mtu asiyemjua, ili apate karo ya kukaa darasani mwako. Tena tangu ChatGPT itolewe Novemba 2022, kazi ya juma la tatu hupatikana kwenye simu kwa sekunde chache. Vyombo vya kulinganisha misimbo, kama Moss cha mwaka 1994, huwanasa walionakiliana wao kwa wao. Aliyeandikiwa jibu la pekee havimnasi. Kwa mwanafunzi kama huyo, aya ya vitisho haina maana. Maswali ana kwa ana yanayo.

Nitoe mfano. Kazi yangu ya juma la nne ni mizani. Anayeishi kando ya barabara inayopita hapa amewasikia madereva wakiizungumzia mizani ya Gilgil, na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 inasema lori la ekseli saba lisizidi tani 56. Mwanafunzi anaandika: ikiwa uzito umezidi 56, chapisha "shusha", la sivyo, chapisha "pita". Namketisha, nauliza: likipima 56 kamili je? Aliyeiandika mwenyewe hurudi kuitazama alama aliyoweka, > au >=, akajibu kwa kidole juu ya mstari. Kisha nauliza: jumla ni tani 54, lakini ekseli moja imezidi kikomo chake? Hapo aliyeletewa kazi hunyamaza. Aliyeandika mwenyewe huenda naye hajui, ila huanza kufikiri kwa sauti: "Basi mwalimu, itabidi nizipitie ekseli moja moja." Huyo amefika kwenye mzunguko kabla sijaufundisha. Mwanafunzi mmoja ambaye baba yake ni dereva aliniambia kuhusu dereva wa lori kama hilo, "Huyo hashushi mzigo, mwalimu, anausogeza tu." Tukaongeza tawi la tatu kwenye programu.

Nahoji kwa Kiswahili, na Kikuyu au Kimaasai kikiponyoka sikikatazi. Maneno ya Kiingereza yaliyo ndani ya msimbo yabaki alivyoyaandika. Kwa mwanafunzi ni kama alama za barabarani. Ninachopima ni kama anajua barabara inaelekea wapi. Nusu ya alama za kila kazi kubwa hutoka kwenye mahojiano hayo, na anayeshindwa huruhusiwa kurudi mara moja tu, baada ya juma.

Mtauliza muda unatoka wapi. Wanafunzi 40 kwa dakika 10 ni dakika 400, karibu saa saba. Nimeondoa jaribio moja la kuandika la katikati ya muhula (CAT), na saa nilizokuwa nikisahihisha karatasi zinazofanana nazitumia kuhoji. Darasa la watu 100 haliwezi hivyo. Hapo nadhani wahojiwe wawiliwawili, ingawa sijalijaribu.

Ombi langu kwa warsha hii ni dogo. Kabla ya muhula wa Septemba, natafuta walimu wawili tubadilishane wanafunzi, mimi nihoji wenu nanyi mhoji wangu, kwa sababu nimejikuta nikiwahurumia ninaowajua kwa majina. Karatasi yangu ya kanuni ni ukurasa mmoja, na nakala ziko mezani karibu na mlango. Chukueni, na kalamu pia.