Safari ya Masomo Isiwe ya Wenye Nacho Tu
(Hotuba kwa mkutano wa mwaka wa kamati za parokia na wafadhili)



Mmetuomba tueleze kwa nini tunaunga mkono chuo tunachoshirikiana nacho katika mpango wa kuanzisha fani ndogo ya biashara ya kimataifa kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, na kwa nini tunasisitiza iwe na muhula mmoja wa masomo nje ya nchi. Baadhi yenu mmeuliza bila kuficha: je, ni haki kumlipia kijana nauli ya kwenda Mombasa wakati zahanati ya parokia inavuja? Swali hilo ni la haki, nasi hatutalikwepa.

Kwanza, fani ndogo ni nini? Mwanafunzi anabaki na fani yake kuu, iwe kilimo, uhasibu au ualimu. Juu yake anachukua masomo matano au sita yanayofuatana katika eneo jingine. Hapa Tanzania shahada ya miaka mitatu inadai krediti zisizopungua 360, na masomo hayo yanaweza kuchukua nafasi ya yale ya hiari. Akipangiwa vizuri, hapotezi mwaka.

Pili, kwa nini biashara ya kimataifa? Kwa sababu wakulima wetu wamo ndani yake tayari, watake wasitake. Bei ya kahawa ya arabika hutazamwa kwenye soko la New York, na ya robusta kwenye soko la London. Mkataba wa kuuza nje ukiwa na herufi tatu, FOB, maana yake muuzaji ndiye anayebeba gharama mpaka mzigo upakiwe melini. Herufi hizo zimo katika kanuni za Chemba ya Kimataifa ya Biashara, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 1936, na toleo linalotumika sasa lilianza mwaka 2020. Chama cha msingi kisicho na mtu wa kuzisoma kitafurahia bei kubwa kwenye karatasi, kisha kishangae usafiri na ushuru vikiimaliza. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Hata mama anayevusha maharage mpakani anahusika. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza kazi mwaka 2005, na Soko la Pamoja mwaka 2010. Chini ya taratibu hizo, bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, zinaweza kuvuka kwa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Asiyejua habari ya cheti hicho hupita njia za panya, na huko huwa mawindo ya kila mwenye rungu.

Kwa hiyo masomo tunayopendekeza ni haya: mikataba na usafirishaji, malipo ya nje na viwango vya kubadilisha fedha, forodha na viwango vya ubora, utafutaji wa masoko, na lugha, hasa Kifaransa kwa ajili ya majirani zetu wa Burundi na Kongo. La sita ni muhula wa ugenini.

Tatu, kwa nini safari? Wazo hili si geni, na historia yake ina mafunzo mawili kwetu. Mwaka 1923, Raymond Kirkbride, mwalimu wa lugha wa Chuo Kikuu cha Delaware nchini Marekani, aliwapeleka wanafunzi wanane Ufaransa kwa meli iitwayo Rochambeau. Chuo hakikuwa tayari kugharimia mpango huo. Mkuu wa chuo, Walter Hullihen, alibisha hodi kwa watu wengine, wakiwemo Herbert Hoover, aliyekuwa Waziri wa Biashara, na tajiri Pierre S. du Pont. Hullihen aliamini kwamba safari kama hiyo ingewafaa walimu na watu wa biashara vilevile. Fundisho la kwanza ni hili: safari ya masomo ilianza kwa mikono ya wafadhili.

Fundisho la pili linatoka Ulaya. Mwaka 1987 ulianzishwa mpango wa Erasmus, na mwaka huo wanafunzi 3,244 kutoka nchi 11 walikwenda kusoma nchi jirani. Mwanafunzi hatozwi ada na chuo kinachompokea, hupewa ruzuku ya kujikimu, na masomo yake yanahesabiwa nyumbani. Bila kuhesabiwa, safari ni utalii. Bila ruzuku, ni ya wenye nacho.

Kwetu mlango umeanza kufunguka. Lipo Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, na mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza kanda yetu kuwa eneo moja la elimu ya juu. Hatuna haja ya kuvuka bahari. Mombasa kuna bandari, na kuna mnada wa chai unaouza kwa dola chai ya Kenya na ya nchi jirani. Mwanafunzi atakayekaa huko muhula mmoja ataona mzigo ukipimwa, ukionjwa, ukinadiwa na kupakiwa. Atafanya hayo kwa Kiswahili, na nauli yake ni ya basi.

Ndugu wajumbe, tumekiambia chuo masharti matatu. La kwanza, krediti za ugenini zikubaliwe kwa maandishi kabla mwanafunzi hajaondoka. La pili, muhula huo uwe wa lazima kwa kila anayechukua fani hii, na uwe na mfuko wake. Tukiuacha uwe wa hiari, tunajua nani atakwenda na nani atabaki. Binti wa mkulima atasoma nadharia darasani, mtoto wa mwenye duka la jumla atakwenda kuiona bandari, na wote wawili watapewa cheti kimoja. La tatu, kila anayerudi akae na chama cha ushirika cha kwao, awasomee mikataba yao na kuwaeleza alichokiona.

Sasa tujibu swali la zahanati. Hatusemi nauli ina uzito kuliko paa. Fedha za zahanati zibaki za zahanati, na mfuko wa safari uwe na hesabu zake, zisomwe mbele yenu kila robo mwaka. Lakini parokia ambayo wakulima wake wanauza bila kujua wanachouza itaomba bati mwaka huu, na itaomba tena bati likitoboka. Tungependa kuona siku inaezeka yenyewe.

Tunawaombeni mambo mawili. Wafadhili, changieni nauli, pango na chakula. Ada italipwa kama kawaida kwenye chuo cha nyumbani, kwa kuwa tunachopendekeza ni kubadilishana wanafunzi. Kamati za parokia, tafuteni familia za kuwapokea vijana watakaokuja kwetu kutoka ng'ambo ya mpaka. Kila kitanda mtakachotoa hapa kinapunguza gharama ya mtoto wenu kule. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Fomu za ahadi ziko kwa makatibu wa kamati.