Ubongo, Kingamwili na Usubi: Utafiti wa Ugonjwa wa Kusinzia Kichwa

Mtoto amewekewa ugali. Anautazama, mkono haujafika kwenye mboga, kichwa kinaangukia kifuani, kinainuka, kinaanguka tena, mara 5 hadi 20 kwa dakika. Mahenge, wilayani Ulanga nchini Tanzania, watu husema mtoto "amesinzia kichwa". Daktari Louise Jilek-Aall, Mnorwe aliyewatibu wenye kifafa huko, alilieleza tatizo hili katika miaka ya 1960. Baadaye lilijitokeza Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, hasa Kitgum na Pader. Vipimo vya umeme wa ubongo vimethibitisha kwamba ni kifafa: misuli ya shingo hulegea ghafla. Wengi hudumaa na kuacha shule.

Sehemu zote hizo zina mito ya maji ya kasi, usubi wanaozaliana humo, na minyoo ya Onchocerca volvulus inayoletwa na usubi hao. Ila minyoo haijaonekana katika ubongo wala maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa. Inaudhuruje ubongo bila kuufikia?

Mwaka 2017 watafiti Tory Johnson, Avindra Nath na wenzao walitoa jibu lililotusisimua sana. Walipitisha damu ya wagonjwa wa Uganda juu ya maelfu ya protini za binadamu, wakakuta kingamwili zinazoishika leiomodini-1, protini iliyomo pia ndani ya seli za neva. Protini hiyo inafanana na tropomiosini, protini ya mnyoo. Maana yake, mwili unapopigana na mnyoo huenda unazishambulia neva zake wenyewe. Kingamwili hizo zilikutwa hata katika maji ya uti wa mgongo, na maabarani zilidhuru seli za neva.

Hapa ndipo ninapowaomba tusikimbie. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa na kingamwili hizo, lakini hata majirani wasiougua, karibu theluthi moja, walikuwa nazo. Kuna watafiti waliochunguza ubongo wa marehemu wakaona protini ya tau imejikusanya, wakauita ugonjwa wa tau. Wengine waliona uvimbe wa kinga ndio uliotawala. Nchini Uganda ilijaribiwa dawa ya doksisaiklini, inayoua bakteria ambao minyoo hiyo huwategemea, lakini haikupunguza idadi ya wenye kingamwili dhidi ya protini za neva. Nadharia ya leiomodini ni nzuri, ila haijathibitishwa.

Kuzuia ugonjwa hakuna sababu ya kuingoja nadharia hiyo. Huko Maridi, Sudan Kusini, wanakijiji walifyeka mimea kwenye mkondo wa bwawa walikozaliana usubi, huku dawa ya minyoo ya ivermektini ikigawiwa. Usubi walipungua sana, na wagonjwa wapya wa kifafa nao wakapungua. Kwangu mimi huo ni ushahidi mzito kuliko picha yoyote ya hadubini.

Kilichobaki ni swali ambalo damu ya mtu aliyekwisha kuugua haiwezi kulijibu: kingamwili hutangulia, au hufuata baada ya ubongo kujeruhiwa? Napendekeza, kwa ridhaa ya wazazi, tuchukue damu ya watoto wazima katika kata zenye usubi kabla ya umri ambao ugonjwa huanza, tuihifadhi hapa hapa nchini, tuwatibu wote minyoo, na tuwafuatilie mwaka hadi mwaka.