Kujuana Kabla ya Kuuziana

Hotuba iliyosomwa mbele ya Waislamu wa Onduparaka, Arua

Bismillahir Rahmanir Rahim.

 

Nimetakiwa niseme machache juu ya kazi na biashara baina ya watu wa mataifa mbalimbali. Maneno yangu yote yatazunguka jambo moja: kwamba kushirikiana na mtu katika dini, lugha au hata damu si sawa na kumjua. Anayedhani amekwisha kumjua mwenziwe kabla ya kumwuliza, huyo ndiye apatwaye na hasara.

Jambo hili latuhusu sisi kuliko watu wengi. Sehemu yetu hii ilikuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Wabelgiji, ikarudishwa Sudan mwaka 1910, na mwaka 1914 ikatiwa katika Uganda. Mipaka ilihama, watu wakabaki. Ndiyo sababu Wakakwa wako Koboko, wako Kongo upande wa Aru, na wako Sudan Kusini upande wa Yei. Na Walugbara wako huku na huko kwa mpaka wa Kongo. Mtu wa hapa akivuka Vurra kwenda Aru, au akipita Oraba kwenda Kaya, mara nyingi hukutana na wajomba zake. Lakini wajomba hao wamelelewa na serikali nyingine, shule nyingine na ofisi nyingine.

Tazameni mambo mawili madogo. Kwetu Uganda gari hupita upande wa kushoto. Kongo na Sudan Kusini hupita upande wa kulia. Tena saa yetu iko mbele ya saa ya Kongo ya mashariki kwa saa moja, na tangu Februari 2021 iko mbele ya saa ya Sudan Kusini kwa kadiri hiyo hiyo. Basi mfanyabiashara wa Arua akiagana na mwenziwe wa Ariwara kwamba wakutane saa nne asubuhi, wala wasitaje ni saa ya nchi gani, atangoja saa nzima, na moyoni ataanza kumwita mwenziwe mwongo. Yule naye atafika kwa wakati wake, akute uso umekunjwa, asijue kosa lake. Hapana aliyesema uwongo hapo, lakini imani imekwisha kupata ufa. Ikiwa saa, ambayo huhesabiwa kwa tarakimu, yaweza kuwagombanisha watu wema, sembuse heshima, ahadi na deni?

Na lugha ni vivyo hivyo. Neno "moyo" ukilisema kwa Kiswahili, msikiaji hushika kifua. Ukilisema kwa Kinubi, huletewa maji. Sisi hapa tunacheka kwa kuwa twazijua lugha zote mbili. Asiyejua hacheki, huchukua maana aliyoizoea na kwenda nayo.

Ndugu zangu, dini yetu haikutuacha gizani katika jambo hili. Katika Surat al-Hujurat, aya ya 13, twafundishwa kwamba Mwenyezi Mungu alitujaalia kuwa mataifa na makabila kwa makusudi ya kujuana, wala si kwa kujivuna. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alitenda hivyo. Alipokusudia kuwaandikia wafalme wa nje, aliambiwa kwamba Warumi hawasomi barua isiyopigwa muhuri. Hakusema kwamba ukweli wake hauhitaji muhuri wa mtu. Alijifanyizia pete ya fedha, ikachorwa, akapiga muhuri. Hakubadili hata neno moja la ujumbe wake. Alibadili namna ya kuufikisha. Kadhalika alimwamuru kijana Zayd bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, ili barua zao zisomwe na zijibiwe na mtu mwaminifu. Anayesema kwamba kujifunza desturi za wengine ni kupunguza dini yake, na aitafakari pete ile.

Historia ya Waislamu wa pande hizi pia ina funzo chungu. Askari wa Kisudani waliobaki huku baada ya Emin Pasha kuondoka, ambao ndugu zetu Wanubi wanatokana nao, walichukuliwa na Lugard mwaka 1891 wakawatumikie Waingereza. Kazi yao waliifanya. Lakini mishahara yao ilikuwa duni tena ilichelewa, safari za vita hazikuwa na mwisho, na mwaka 1897 walipoamriwa safari nyingine ndefu, waliwekewa kizuizi katika kufuatana na wake zao. Kwa wakubwa wao wanawake wale walikuwa mzigo wa msafara. Kwa askari ndio waliokuwa nyumba yao, jiko lao na heshima yao. Wakaasi. Meja Thruston, aliyejua Kiarabu na kuwaamini sana askari wake, alikwenda kuwasihi katika ngome ya Lubwa, Busoga; wakamshika, na mwezi wa Oktoba akauawa. Simwagi sifa juu ya mauaji. Nasema tu kwamba kuijua lugha ya mtu hakutoshi, ikiwa linalomwuma hulioni au umeliona ukalipuuza.

Sasa tuje katika siku zetu. Vijana wengi wa Arua, Koboko na Yumbe wamepata kazi katika mashirika ya kimataifa, hasa tangu kambi ya Bidibidi ilipofunguliwa mwaka 2016. Kijana wetu akiitwa mbele ya mkubwa huinamisha macho, kwa kuwa ndivyo alivyofunzwa kumheshimu mkubwa. Mkubwa aliyetoka Ulaya aweza kudhani kwamba kijana ana jambo analolificha. Mkubwa huyo naye huingia ofisini akaanza kazi bila ya kuuliza habari za nyumbani, na kijana huona amedharauliwa. Wote wawili wana adabu, lakini kila mmoja anaisoma adabu ya mwenziwe kwa kitabu chake.

Tena wengi wetu tukiambiwa tutie sahihi katika karatasi, huona tumeshukiwa wizi. Sivyo. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, aya ya 282 ya Surat al-Baqara, yahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Mgeni anayetaka maandishi ametutaka tutende tuliloamriwa sisi kabla yake.

Wako pia wanaokwenda Uarabuni kutafuta kazi, na hao ndio ninaowahofia zaidi. Kijana husema: "Nakwenda kwa Waislamu wenzangu, na Kinubi ni mtoto wa Kiarabu, nitashindwa na nini?" Kinubi ni mtoto aliyelelewa mbali na babaye, mkataba wa kazi haukuandikwa kwa Kinubi. Na Waislamu wenyewe hawana desturi moja. Saudi Arabia hupumzika Ijumaa na Jumamosi tangu mwaka 2013. Jirani yao, serikali ya Imarati, tangu mwaka 2022 hupumzika Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa hufanya kazi nusu siku. Kibla ni kimoja, kalenda ya kazi mbalimbali. Mkataba usiosomwa na kueleweka kabla ya safari hauwi rahisi baada ya kufika, na binti aliye peke yake ndani ya nyumba ya watu hana mzee wa kumkimbilia.

Hata hivyo, kujuana ni njia ya kwenda na kurudi. Nasi yatupasa tujieleze. Mfanyakazi Mwislamu asingoje agombane juu ya swala, saumu au chakula. Na aseme mapema, kwa upole, saa anazohitaji na namna atakavyoifidia kazi. Mwajiri hawezi kuheshimu asilolijua.

Basi naomba jambo moja. Wako miongoni mwetu wazee walioishi uhamishoni Zaire na Sudan baada ya mwaka 1979, na wako wafanyabiashara waliozoea Ariwara na Kaya, na wako waliorejea kutoka Uarabuni. Hao ni hazina. Kabla kijana hajapanda basi wala ndege, na aketi mbele yao hata siku moja baada ya swala ya Alasiri. Mkataba wake usomwe kwa sauti, kifungu kwa kifungu, katika lugha aijuayo. Aambiwe huko watu husalimuje, hukasirishwa na nini, na ahadi kwao ni mpaka iandikwe au yatosha kutamkwa. Aulize bila haya. Wazee walisema: asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Kongo imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Sudan Kusini iliitangulia mwaka 2016. Milango inazidi kufunguliwa. Mwenyezi Mungu atujaalie tuingie kwa adabu, tutoke kwa amana, na jina la Mwislamu wa Onduparaka liaminiwe kila linapotajwa. Amin.