Mchepuo wa biashara na mlango wa hisabati

Mwanafunzi wa Tanzania akivuka kidato cha pili hukutana na swali zito kwa umri wake: sayansi, sanaa au biashara? Anayechagua biashara huanza mapema kutunza vitabu vya hesabu, debiti huku, krediti kule.

Faida ipo, tena kubwa. Akifaulu masomo manne kidato cha nne, anaweza kuingia chuo kama CBE (Chuo cha Elimu ya Biashara), kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1965, akasoma astashahada, kisha stashahada, na kwa wastani wa alama 3.0 akaomba shahada bila kupita kidato cha tano. Na kijana anayejua kufunga hesabu za duka hakosi kibarua.

Tatizo ni hisabati. Wapo wanaokimbilia biashara kwa kuikimbia hesabu, jambo la ajabu kidogo. Huyo akifika kidato cha tano huchukua ECA: uchumi, biashara na uhasibu. Mwenzake wa EGM anasoma uchumi, jiografia na hisabati ya juu. Chuo kikuu, wa EGM anaweza kuanza uhasibu kutoka sifuri na akamaliza vizuri. Wa ECA akitamani takwimu za bima, yaani aktuaria, anagonga mwamba.

Kwa hiyo sioni ubaya wa kuanza biashara mapema. Ninachokipinga ni shule kumwambia mtoto wa miaka 15 kwamba mchepuo huo ni pumziko la hisabati. Mzazi aulize hilo kabla fomu haijajazwa.